Tusiihukumu Kompyuta Kabla ya Kuipima

Katika ofisi na shule za wilaya za Ngara na Biharamulo, kompyuta imekwisha kuwa chombo cha kazi cha kila siku kama ilivyokuwa taipureta zamani. Inaandika barua, inatunza alama za wanafunzi, na sasa inatengeneza picha: za watahiniwa, za vitambulisho vya watumishi na za taarifa za miradi zinazopelekwa Halmashauri. Hapo ndipo lawama zinapoanzia. Programu ya kuhariri picha ikifunguliwa, feni hunguruma, mshale huganda, na mtumishi hubaki ameshika tama mbele ya kioo. Baada ya siku chache hukumu hutolewa: mashine imechoka, ipelekwe stoo, iombwe nyingine.

Hukumu hiyo mara nyingi si ya haki, na gharama yake ni kubwa. Kompyuta ya ofisi ya umma ni mali ya wananchi. Kuitupa stoo kwa sababu ambayo haikuchunguzwa ni sawa na kuegesha gari la wilaya mwaka mzima kwa sababu ya tairi lililopungua upepo.

Nchi yetu ina fundisho la zamani katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi ya hesabu ilipokwenda kombo, na wataalamu wetu wenyewe wa kuiendesha wakiwa wachache mno, mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa baadaye, lakini miaka ya kujifunza ilikwisha kupotea. Mashine ilibeba lawama ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya upungufu wa ujuzi. Haifai kosa hilo lirudiwe leo, shule kwa shule.

Ni nini basi kinachoifanya programu ya picha iwe nzito kuliko programu ya kuandikia barua? Jibu liko katika ukubwa wa kazi yenyewe. Picha ya kamera yenye pikseli milioni 24 huweza kuhifadhiwa katika faili la megabaiti 8 hivi, na mtu akaiona ni ndogo. Lakini faili hilo limefinywa. Likifunguliwa, kila pikseli huhitaji baiti 3, moja kwa kila rangi ya msingi, na picha hiyo hujaza megabaiti 72. Ikiongezwa matabaka mpaka yafike manne yaliyojaa, inakaribia megabaiti 300. Na bado programu hutunza kumbukumbu ya hatua zilizopita ili mtumiaji aweze kurudi nyuma akikosea.

Mtumishi wa ofisi ataelewa haraka tukimfananishia na masijala. Kumbukumbu ya RAM ni meza ya karani, na diski ni makabati ya masijala. Meza ikiwa na nafasi, karani hufanya kazi bila kunyanyuka. Meza ikijaa, hulazimika kwenda masijala kwa kila karatasi na kurudi. Karani huyo si mvivu, bali amepewa majalada mengi kuliko meza yake. Kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4, ambayo imekwisha kufungua kurasa kumi za intaneti na programu ya ujumbe, iko katika hali hiyo hata kabla picha haijafunguliwa. Watengenezaji wa Photoshop, programu iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1990, kwa matoleo yao ya karibuni hutaka gigabaiti 8 kwa uchache na hushauri 16.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuuliza swali moja: je, kompyuta yote ni nzito, au ni programu ya picha peke yake? Ikiwa ni programu peke yake, tuitazame picha na mipangilio ya programu. Ikiwa ni kompyuta yote, tuitazame mashine. Katika kompyuta za Windows, vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja hufungua orodha ya kazi zinazoendelea. Humo huonekana nani anakula RAM, nani anashughulisha diski na nani anaichosha prosesa. Dakika tano za kusoma orodha hiyo zina faida kuliko mwezi mzima wa manung'uniko.

Tuchukue mfano wa mwalimu aliyepewa picha za watahiniwa 120. Picha ya milimita 35 kwa 45, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, huhitaji pikseli 413 kwa 531 tu, yaani kama laki mbili na elfu ishirini. Mwalimu anayehariri picha nzima ya pikseli milioni 24 anaibebesha mashine mzigo unaozidi mara 100 ule unaohitajiwa. Akisubiri dakika 4 kwa kila picha, atamaliza saa 8, yaani siku nzima ya kazi. Akianza kwa kutoa nakala, akaikata ibaki sura, akaipunguza kwa kipimo kinachotakiwa, kisha ndipo akasahihisha mwanga, na kila picha ikachukua dakika moja, atamaliza kwa saa 2. Kompyuta ni ile ile. Saa 6 zilizookolewa ni vipindi vya wanafunzi. Picha ya asili ihifadhiwe bila kuguswa, kwa kuwa huenda siku nyingine ikahitajiwa kwa ukubwa wake.

Hatua nyingine nazo hazina gharama. Picha zisihaririwe zikiwa ndani ya flashi. Zihamishiwe kwanza kwenye diski ya kompyuta. Diski hiyo isiachwe ijae pomoni, kwa kuwa programu huitumia kama meza ya ziada RAM inapokwisha. Programu zisizohitajika zifungwe. Flashi zinazozunguka kutoka ofisi hii hadi nyingine zikaguliwe virusi. Na tukome kufunga programu za wizi zilizovunjwa kufuli, kwa kuwa nyingi hubeba programu nyingine za siri zinazoitumia prosesa usiku na mchana. Asiye na fedha za leseni anaweza kutumia GIMP, programu ya bure iliyoanza kutolewa mwaka 1996, inayotosha kabisa kwa kazi za shule.

Mazingira yetu nayo yana sehemu yake. Vumbi jekundu la kiangazi huingia katika feni na kuziba njia za hewa. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue, na mtumiaji huona uzito tu. Kompyuta inayoanza kazi asubuhi kwa wepesi na kulegea kadiri inavyopata joto inaomba kusafishwa, haiombi kustaafishwa. Kuhusu umeme, wilaya hizi kwa miaka mingi zilitegemea jenereta za dizeli kabla ya kufikiwa na gridi ya Taifa, na leo maporomoko ya Rusumo yana mtambo wa megawati 80 wa pamoja kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Hata hivyo, umeme unaokatika ghafla huweza kuharibu mafaili na diski. Na kompyuta mpakato inayotumia betri hupunguza kasi kwa makusudi ili betri idumu. Nayo hiyo si ugonjwa.

Wapo watakaosema kwamba mashine nyingine kweli zimezeeka. Ni kweli, na hatulikatai hilo. Huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na zipo kompyuta zisizoweza kupokea toleo linalofuata. Lakini hata hapo kipimo kitangulie ununuzi. Kompyuta yenye diski ya sahani inayozunguka, ikibadilishiwa diski ya SSD na kuongezewa RAM pale inapowezekana, mara nyingi hupata maisha mapya kwa sehemu ndogo ya bei ya mashine mpya. Afisa anayeomba kompyuta mpya bila kueleza kama ni RAM, diski, joto au virusi hajatoa sababu. Ametoa malalamiko.

Ngara na Biharamulo ziko mbali na Bukoba, makao makuu ya Mkoa, na fundi hodari hapatikani kila kona. Kwa sababu hiyo hasa, ujuzi wa kupima hauna budi kuwa mikononi mwa watumiaji wenyewe. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila shule na ofisi iwe na daftari la kompyuta, lenye RAM yake, aina ya diski, nafasi iliyobaki na tarehe iliposafishwa. Pili, Vituo vya Walimu vitenge siku moja katika kila muhula kufundisha vipimo hivi kwa vitendo, kwenye mashine zile zile zinazolaumiwa. Tatu, Halmashauri zisikubali kompyuta yo yote iondolewe kazini bila karatasi inayoonyesha ilipimwa nini na nani alipima.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwalimu anayewafundisha watoto sayansi huwaambia kila siku kwamba mtu huchunguza kwanza, ndipo huamua. Basi kanuni hiyo isiishie ubaoni. Iingie stoo, izifute vumbi mashine zilizohukumiwa bila kusikilizwa, na kuzirudisha kazini zile zinazostahili.