Kashfa Inayovuka Mpaka wa Sirari

Anayesimama Sirari, wilayani Tarime, huiona Isebania ng'ambo ya pili bila kukaza macho. Watu wa huku na wa kule ni wamoja. Wakurya wa Tarime na Serengeti wana ndugu na wakwe katika Kaunti ya Migori, na mfanyabiashara wa mpakani hutembea na laini mbili katika simu moja, ya Tanzania na ya Kenya. Mwenye mzigo hupita forodhani, mwenye safari huonyesha hati yake. Neno peke yake halisimamishwi na mtu.

Juu ya neno hilo tunataka kusema na wazazi juma hili. Tuchukulie binti wa Mugumu aliyekataa kukeketwa msimu wa Desemba, akakimbilia nyumba salama. Baada ya majuma machache unasambaa ujumbe wa sauti: ati binti huyo hakukimbia kisu, alimkimbilia mwanamume, na mimba anayo. Msemaji hakutaja jina lake, na laini iliyoutuma ni ya Kenya. Ujumbe unaingia katika kundi la ukoo, unatoka huko na kuingia katika kundi la akina mama wa msikitini, na posa iliyokuwa ikizungumzwa inakatika. Baba akinung'unika, majirani wanamwambia: "Mwachie Mungu, huyo yuko Kenya, utamfanya nini?"

Jibu hilo hatulikubali, japo tunajua lilikotoka. Wengi wetu tunadhani kwamba kosa liko pale alipokaa msemaji. Wanasheria waliliangalia jambo hili zamani kidogo, katika kesi ya mfanyabiashara wa Melbourne aitwaye Joseph Gutnick dhidi ya kampuni ya Marekani ya Dow Jones. Makala iliyomlalamisha ilikuwa imewekwa katika mitambo iliyoko New Jersey, na kampuni ikadai ishtakiwe huko huko. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Australia ilikataa. Ilisema kuwa kashfa humdhuru mtu pale inaposomwa na kueleweka, na pale ndipo anapoweza kudai. Hukumu ile haizifungi mahakama zetu, lakini hoja yake inaeleweka hata kwa asiyesoma sheria: jina la binti wa Mugumu limeharibiwa Mugumu, kwa watu wanaomjua.

Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo haikuufanya mpaka kuwa ukuta. Inazipa mahakama mamlaka juu ya kosa lililotendeka nchini, lote au sehemu yake, na hata juu ya mtu wa taifa lolote, popote alipo, ikiwa kosa lake limemlenga mtu aliyeko Tanzania. Kifungu cha 16 kinamgusa anayechapisha habari za uongo kwa makusudi ya kumkashifu mwenziwe. Kifungu hicho kimelalamikiwa, na kwa haki, kwa namna kilivyotumika dhidi ya wakosoaji wa serikali. Hatuwahimizi watu wakimbilie polisi kwa kila neno lililowachoma. Nchi zote mbili, kwa kweli, zimekuwa zikiitoa kashfa katika jinai. Kenya, Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu mwezi Februari 2017. Kwetu, Bunge lilirekebisha Sheria ya Huduma za Habari mwaka 2023. Njia iliyobaki pana ni ya madai: aliyechafuliwa jina anamdai mchafuzi fidia na kuombwa radhi.

Njia hiyo ina gharama, na wenye mali pia wameionja. Marehemu Reginald Mengi wa makampuni ya IPP alimshtaki kwa kashfa Sarah Hermitage, Mwingereza aliyekuwa na mumewe katika shamba la Silverdale, wilayani Hai, kabla ya kuondoka nchini. Bibi huyo, akiwa kwao, aliandika mtandaoni juu ya mgogoro wa shamba lile na juu ya magazeti ya IPP. Mengi alimfuata huko huko, katika Mahakama Kuu ya London. Mpaka haukuizuia kesi kusikilizwa. Lakini tarehe 30 Novemba 2012 Jaji Bean aliyatupa madai. Aliukubali utetezi wa mwandishi, ukiwamo wa kwamba alikuwa akijibu aliyoandikwa magazetini, na mdai akabebeshwa gharama. Anayevuka mpaka kulitetea jina lake na ajue kwamba mahakama itauliza kwanza kama lililosemwa ni kweli.

Hapa sheria ya dola na sheria ya Mwenyezi Mungu zinaachana njia kidogo. Katika Suratun Nur, anayemtuhumu mwanamke mtahashamu kwa zinaa bila kuleta mashahidi wanne hupigwa mijeledi themanini na ushahidi wake haupokelewi tena, isipokuwa atubu. Haulizwi kama moyoni anaamini anachosema. Watatu wakisema wameona, na wa nne hayupo, wanaoadhibiwa ni hao watatu. Hukumu hiyo haitekelezwi na mahakama za Tanzania, lakini inatuonyesha uzito wa heshima ya mwanamke mbele ya Mola wake.

Na katika kisa cha Ifk, Bi Aisha (Radhiya Allahu anha) aliposingiziwa baada ya safari ya Banu Mustaliq, mwanzilishi mkuu wa uzushi alikuwa Abdullah bin Ubayy, kiongozi wa wanafiki. Riwaya mashuhuri zinawataja walioadhibiwa kuwa ni Mistah bin Uthatha, Hassan bin Thabit na Hamna bint Jahsh. Hawa walikuwa Waislamu wa kweli, na Mistah alipigana Badr. Walilipokea neno wakalipitisha.

Ndiyo maana tunasema majirani wa yule baba wanatazama upande usio wake. Msemaji wa kwanza yuko ng'ambo, labda hatajulikana kamwe. Waliomfikishia binti madhara wako Mugumu, majina yao yako katika kundi, na laini zao zimesajiliwa kwa alama za vidole. Sheria ya madai humhesabu anayerudia kashfa kuwa ameitoa yeye, na kusema "nimeletewa tu" si utetezi. Wengi wao, tuseme wazi, ni watu wa swala tano.

Mzazi asimwambie binti afute ujumbe kwa uchungu. Auhifadhi kama ulivyo, katika simu ile ile ulimoingia, pamoja na namba, tarehe na saa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaukubali ushahidi wa namna hiyo, ila mahakama hutaka kujua ulivyotunzwa, na picha iliyopitia mikono kumi huzua maswali. Asiye na uwezo wa wakili aulizie msaada wa kisheria, uliowekewa sheria yake mwaka 2017.

Na mchafuzi wa ng'ambo akijulikana, bado haponi. Kenya inayo Sheria ya Utekelezaji wa Hukumu za Nje, Sura ya 43, na Tanzania imo katika orodha ya nchi ambazo hukumu zao za fedha zaweza kusajiliwa Mahakama Kuu ya Kenya, kwa masharti yake. Aliye Marekani ni mgumu zaidi, kwa kuwa tangu 2010 sheria yao huzikataa hukumu za kashfa za nje zisizolingana na uhuru wao wa kusema.

Anayeamua kumshtaki Kenya kwenyewe aangalie kalenda. Huku kwetu madai ya namna hii yana miaka mitatu. Kule kashfa ina miezi 12 tu, nayo haisubiri wazee wa koo mbili wamalize vikao vyao.