Ioni, Utando na Ulimi wa Mwalimu

Kwa muda mrefu kumekuwepo dai kwamba Kiswahili chatosha kwa ushairi, lakini hukwama mlangoni mwa maabara. Dai hili lastahili kupimwa kwa mfano mgumu: upitishaji wa ioni katika nyaya za nano zilizomo ndani ya utando wenye vinyweleo.

Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Wanasayansi hukuza nyaya nyembamba kiasi hicho ndani ya vinyweleo vya utando wa oksidi ya alumini, utando ukiwa kalibu. Iodidi ya fedha, kwa mfano, hupitisha ioni kwa shida katika joto la kawaida. Ifikapo nyuzi 147 za Selsiasi, mpangilio wa fuwele zake hubadilika na upitishaji huongezeka mara maelfu. Swali la watafiti ni iwapo udogo wa umbo waweza kuushusha mpaka huo wa joto.

Je, ni lipi lililoshindikana kuelezwa hapo? Hata neno 'ioni', alilolitumia Michael Faraday mwaka 1834, lina asili ya Kigiriki: 'kiendacho'. Kiingereza nacho kilikopa.

Basi tatizo si msamiati. Tangu 1990 ipo Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI. Tatizo ni matumizi. Betri ya simu iliyo mfukoni mwa mkulima wa mahindi wa Kitale ina utando wa namna hiyo, unaopitisha ioni za lithi na kuzitenga ncha mbili zisigusane. Huko Bungoma, mzee anywaye busaa kwa mrija wenye kichungio anajua vyema kwamba kimoja hupita na kingine hubaki. Mwalimu anayo sitiari tayari. Hata hivyo, sitiari isipotoshe: elektroni hazizuiwi kwa ukubwa wake kama machicha, bali kwa sababu utando haupitishi umeme.

Wapo wasemao kwamba mtihani wa fizikia nchini Kenya huandikwa kwa Kiingereza. Ni kweli. Lakini lugha ya kujibia mtihani si lazima iwe ndiyo lugha pekee ya kuelewea. Anayekariri bila kuelewa hupata alama, hapati elimu.

Wanafunzi wa Kiswahili na wa fizikia katika vyuo vikuu, kikiwemo Kibabii kilichoko Bungoma, hawana budi kuketi meza moja. Istilahi isiyosemwa hufia kamusini.