Msanii Asiende Shaurini Mikono Mitupu

Solomon Linda, mfanyakazi wa Kizulu aliyefungasha santuri mjini Johannesburg, alirekodi wimbo wake "Mbube" mwaka 1939. Mwaka 1952 aliuza haki zake kwa kampuni iliyomrekodi kwa shilingi kumi. Alikufa fukara mwaka 1962, ilhali wimbo wake ulikwisha kuzunguka dunia kwa majina ya wengine. Binti zake walifikia mapatano ya malipo mwaka 2006 tu, baada ya mawakili kufukua sheria ya kikoloni ya mwaka 1911 iliyorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi.

Mirija ya namna hiyo haijakatika. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1994, na sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 1999 hailazimishi usajili: kazi hulindwa kwa kule kutungwa kwake tu. Cheti husaidia kuthibitisha, hakimzai mtunzi. Lakini dalali mjanja huwahi ofisini, akasajili jasho la mwenzake, kisha akatembea na cheti kama hati ya shamba. Mtunzi wa kweli ndiye anayeitwa shaurini kudai mwanawe mwenyewe.

Naye huenda na nini? Mara nyingi huenda na machozi, na wazee wawili watakaosema "sote twajua." Hakuna ofisa awezaye kuandika "sote twajua" katika daftari la usajili.

Aende na rasimu zake, hasa zile chafu, zenye mistari iliyokatwa na maneno yaliyobadilishwa. Mwizi hunakili kazi iliyokwisha safishwa. Takataka za utunzi hanazo. Aende na kanda za majaribio, stakabadhi ya studio, mkataba ikiwa upo, na mashahidi waliokuwamo siku ile, siyo waliosimuliwa. Mpiga gitaa na waitikiaji watajwe mapema, la sivyo watasimama shaurini kudai fungu lao, na dalali atacheka. Na ikiwa mahadhi ni ya ngoma ya wazee, aseme wazi lipi la jadi na lipi lake. Anayejitwalia mali ya kijiji kizima hatofautiani na huyo anayemshitaki.

Kisha mwenye cheti naye aulizwe mbele ya wote: rasimu zako ziko wapi?