Mpakiaji wa pamba si mtu wa kuokotwa getini

Na Limbu Masunga

Msimu wa pamba ukifunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, geti la kiwanda cha kuchambua pamba hujaa vijana kabla jua halijachomoza. Maswa, Bariadi, Meatu, Itilima, Busega, hali ni ile ile. Msimamizi anatoka, anawatazama mabega, ananyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe mwenye fulana nyekundu. Jina haulizwi mtu. Ndivyo tunavyoajiri wapakiaji, na utaratibu huu unawaumiza vijana wetu na kuiharibu pamba yetu.

Wengi hudhani kupakia na kushusha ni nguvu tu. Simama ghalani uone. Mpakiaji mzoefu akipokea gunia kutoka lori la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Akihisi unyevu analitenga, kwa sababu pamba iliyolowa ikirundikwa hupata joto, ikabadilika rangi, na mbegu zake zikaharibika. Mchanga anausikia ukichuruzika gunia linapotuliwa. Akiona uzi wa kiroba cha plastiki umenasa anauchomoa pale pale, maana ukifika kwenye mashine unakatikakatika na kuingia kwenye robota, na mwenye kiwanda cha nguo huenda asiujue mpaka kitambaa kimeshafumwa na uzi ule umekataa rangi. Pamba fifi, yaani ya daraja la chini, haiachi ichanganyike na pamba safi. Jicho la namna hiyo hulipati kwa mtu aliyeingizwa leo na kesho akaachwa nje ya geti.

Kila mwaka tunawahimiza wakulima wasitie maji wala mchanga kwenye pamba, na tunafanya vizuri. Kisha jasho lao tunalikabidhi kwa kijana ambaye hakuna aliyemfundisha chochote.

Wenye viwanda wana hoja yao: kuna siku malori hayaji, watamlipa mtu kwa kazi gani? Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua mkataba wa kazi maalumu, unaokwisha kazi hiyo inapokwisha. Inamtaka pia mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi anapoanza: kazi yake, saa zake, malipo yake. Asiyehusika ni anayefanya kazi chini ya siku 6 kwa mwezi. Kijana anayeshusha magunia kiwanda kimoja msimu mzima amezipita siku hizo mapema, hata kama kila jioni analipwa mkononi.

Na kwetu sisi Wasukuma kupatana kabla ya kazi si jambo geni. Basumba, yaani kundi la vijana, walipoitwa kulima shamba la mtu, kiongozi wao, nsumba ntale, alikuwa ameshakubaliana na mwenye shamba ujira wao kabla jembe halijagusa udongo.

Kinachonikera zaidi ni majeraha. Robota la nyuzi lina uzito wa karibu kilo 200. Likiponyoka kwenye lori linavunja mguu. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu mwaka 1967 kwamba mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja usizidi kilo 55. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo tangu 2015, na anayeuchangia ni mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata senti. Sasa kijana aliyenyooshewa kidole asubuhi, ambaye jina lake halimo kwenye daftari lolote, ataanzaje kudai?

Kwa hiyo mwezi Aprili, mashine zikiwa bado zinafanyiwa matengenezo, enyi wenye viwanda, fungueni daftari. Waiteni kwanza waliofanya kazi vizuri mwaka jana. Siku ya kwanza iwe ya mafunzo: safi na fifi, unyevu, namna ya kunyanyua mzigo kwa miguu na si kwa mgongo. Gaweni glavu na barakoa za vumbi, nunueni mikokoteni ya kutosha. Mkataba nao usomwe kwa sauti, kwani sheria ile ile inasema asiyeyaelewa maandishi aelezwe kwa namna anayoielewa. Hapa kwetu Binza, Maswa, asomewe kwa Kisukuma.