Mwenye nyumba, kilicho juu ya dari ni chako



Leo nakuomba ufungue Kumbukumbu la Torati 22:8. Si mstari unaosomwa mara nyingi kanisani. Umekaa katikati ya agizo la kiota cha ndege na agizo la mbegu za shamba la mizabibu, na wengi wetu huupita haraka tukielekea kwingine. Unamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya azungushe ukuta mdogo ukingoni mwa paa lake, asije akawa na hatia ya damu mtu akianguka kutoka huko juu.

Mapaa ya Israeli yalikuwa bapa, na watu waliishi juu yake kama sisi tunavyoishi barazani. Rahabu alianika mabua ya kitani huko na chini yake akawaficha wapelelezi. Petro alipanda huko kusali alipokuwa Yafa. Biblia yetu ya Union Version hata huliita paa hilo dari, neno ambalo siku hizi linatupeleka moja kwa moja kwenye jipsamu nyeupe yenye taa za duara. Juu ya dari yetu hapandi mtu kusali. Juu yake zinapita nyaya.

Nataka uone jambo moja katika mstari huo. Haumtaji mwashi. Haumtaji seremala wala kibarua aliyechanganya udongo. Unasema na yule anayejenga, mwenye nyumba, na damu inahesabiwa kwake. Mwashi anaweza kuwa amekwenda zake mji mwingine. Nyumba imebaki, na mwenyewe yumo ndani.

Sasa twende Bunju, Mabwepande na Wazo, au upande wa pili Chamazi, Toangoma na Mbagala. Huku ndiko tunakojenga. Nyumba inapanda kidogo kidogo: tofali za mshahara wa mwezi huu, bati za mkopo wa SACCOS, milango baada ya kuvunja kikoba. Tunahamia kabla haijaisha, kwa sababu kodi ya kule mjini imetuchosha. Hakuna ubaya katika hilo. Lakini nyumba inayojengwa kwa miaka mitano inapitiwa na mafundi wengi wasiojuana, na kila mmoja hufanya kazi yake kama vile yuko peke yake.

Fundi umeme ndiye anayeumia zaidi kwa utaratibu huo, maana kazi yake haifanyiki kwa siku moja. Huja kutindua ukuta na kulaza mabomba ya nyaya kabla ya plasta. Huja tena kuvuta nyaya. Huja mara ya tatu, rangi ikishakauka, kufunga swichi, soketi na taa. Kila akigeuza mgongo, mwingine anaingia. Akae fundi umeme yeyote wa maeneo hayo akuhadithie, utacheka kwanza halafu utanyamaza. Anarudi anakuta mwashi amepiga plasta juu ya boksi za soketi, na mabomba yamejaa mchanga na saruji, waya haupiti. Anaanza kugongagonga ukuta kama daktari anayetafuta mapafu. Fundi bomba naye ametoboa kupitisha maji palepale penye nyaya. Fundi jipsamu ameona nyaya zinamsumbua, akazikunja, akazikandamiza kwa fremu, na skrubu moja imepita katikati ya waya. Haonekani aliyefanya. Dari imeshafungwa, inapendeza, na mama mwenye nyumba ameshatuma picha kwenye kundi la familia.

Mbaya zaidi ni akiitwa kumalizia kazi aliyoianza mwingine. Anafungua swichi anakuta nyaya zote ni nyekundu, wa moto na wa kurudi, utambue mwenyewe. Maungio yamesokotwa kwa mkono na kuvungwa kipande cha nailoni. Swichi ya taa imekata waya wa kurudi badala ya waya wa moto: taa inazimika, lakini kwenye kishikio cha balbu umeme bado upo, unamsubiri anayepanda stuli kubadilisha. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano ambao kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme uliopotea njia, haupo kabisa.

Hapo ndipo mazungumzo huanza. "Bosi, nyumba yako haina ethi." Na jibu huwa lile lile: "Fundi, wewe unganisha tu, taa ziwake. Mengine tutafanya baadaye."

Wengi wa wanaojibu hivyo ni sisi, watu wa ibada ya kwanza. Friji ikianza kupiga shoti, tunawafundisha watoto wavae ndala kabla ya kuifungua, na msichana wa kazi anaelekezwa hivyo siku ya kwanza anapofika, pamoja na chumvi ilipo na saa ya kumpeleka mtoto shule. Ndala inakuwa ndiyo ethi ya nyumba. Breka ikikata kila jioni tukiwasha hita ya maji pamoja na jiko la umeme, tunaiona ni mkorofi. Tunanunua kubwa zaidi. Breka ile iliwekwa kuulinda waya; ilikuwa inakata kwa sababu waya ulikuwa unabebeshwa mzigo unaouzidi. Ukiweka breka kubwa kwenye waya ule ule mwembamba, waya utachemka mpaka ganda lake liyeyuke, na breka haitasema neno. Na hayo yanatokea juu ya dari, gizani, karibu na mbao za paa.

Mpendwa msomaji, utasema TANESCO wapo, Serikali ipo. Ni kweli wapo. Lakini mpaka wa TANESCO ni mita. Kuanzia pale umeme unapotoka kwenye Luku kuingia ndani, nyaya ni mali yako na wajibu ni wako. Ndiyo maana, kabla ya kuunganishiwa, unatakiwa upate mkandarasi wa umeme mwenye leseni ya EWURA, athibitishe kwa mhuri wake kwamba nyumba imefungwa nyaya ipasavyo. Utaratibu huo ni mzuri. Ni ukuta mdogo wa ukingoni mwa paa, kwa lugha ya Musa. Tatizo ni namna tunavyouruka.

Mtaani kila mtu anajua neno kishoka. Kishoka hufunga nyaya kwa bei ya kutupa, kisha huzunguka akitafuta mwenye mhuri wa kumgongea fomu. Na mwenye mhuri hupatikana. Analipwa kidogo, anasaini mchoro wa nyumba ambayo hajawahi kuingia, hajui hata iko mtaa gani. Ikiwa wewe unayesoma ni mkandarasi na umewahi kufanya hivyo, nakuomba uuangalie mhuri wako kama kiapo. Kuna amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo (ya nane kwa Wakatoliki na Walutheri, ya tisa kwa wengine, lakini ni ile ile), na jirani unayemshuhudia hapa ni mtoto atakayelala chini ya nyaya ambazo hukuziona.

Nisieleweke kwamba fundi wa mtaani hafai. Wapo waliojifunza kazi kwa kubeba ngazi ya fundi mwingine miaka kumi, na mikono yao ni safi kuliko ya wenye vyeti. VETA wana utaratibu wa kuwapima na kuwatambua mafundi wa namna hiyo, na kwa watu wa Temeke chuo cha Chang'ombe hakiko mbali. Kanisa linalochangia sare za kwaya linaweza pia kumchangia kijana wake mmoja akapate cheti. Sioni kwa nini hilo lisiwe huduma.

Tatizo la bei, hata hivyo, tulikabili bila kuzunguka. Fundi mwaminifu akikuandikia vifaa, orodha yake ni ndefu: waya wa 1.5 kwa taa, wa 2.5 kwa soketi, mnene zaidi kwa hita na jiko, fimbo ya ethi ya kuchimbia nje, breka za kutosha. Unaona anakula cha juu. Unakwenda mwenyewe Kariakoo, unakuta roli mbili zimeandikwa maneno yale yale na bei zimepishana sana, unachukua ya bei ndogo. Ukiiinua utaona ni nyepesi. Shaba ndani ni nyembamba kama uzi. TBS na Tume ya Ushindani hukamata bidhaa bandia, lakini ofisa hatakufuata mpaka Chamazi kukagua ulichobeba kwenye bodaboda. Wasiwasi wako kwa fundi nauelewa, maana wapo waliotuibia. Dawa yake ni kwenda dukani pamoja naye, mchague wote wawili, ulipe mwenyewe.

Katika 2 Wafalme 12, na tena sura ya 22, kuna habari inayonigusa kila ninapoisoma. Hekalu lilipokarabatiwa wakati wa Yoashi, na baadaye wakati wa Yosia, fedha za maseremala na waashi zilipitia kwa wasimamizi ambao hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walifanya kazi kwa uaminifu. Fikiri leo umkabidhi mtu fedha za ujenzi wako kule Mabwepande na usimuulize risiti! Tumefika mbali na pale, mafundi na sisi wenye nyumba. Maana uaminifu una pande mbili, na upande wetu una madeni. Yeremia 22 anamlilia mfalme aliyejijengea nyumba yenye vyumba vipana na madirisha, akaifunika kwa mierezi na kuipaka rangi nyekundu, huku jirani yake aliyemfanyia kazi hajalipwa. Jipsamu imelipiwa, marumaru zimelipiwa, pazia zimelipiwa. Fundi umeme anadai nusu ya fedha yake mwaka wa pili, na akipiga simu haipokelewi. Fundi wa namna hiyo akiitwa tena kuangalia swichi inayonuka kuungua, atakuja na moyo gani?

Kuna na wapangaji. Wengi wetu tumejenga vyumba vya kupangisha uani, na kodi yake ndiyo ada ya watoto. Vyumba sita, Luku moja, waya mmoja uliorukia kutoka kwenye soketi ya nyumba kubwa, kisha kila chumba kina nyaya za kuunganishia zilizopita chini ya zulia. Mpangaji hana ruhusa ya kutindua ukuta wako. Hawezi kuita mkandarasi. Akilalamika unamwambia kama hapataki aondoke. Yule wa Kumbukumbu la Torati aliyeweza kuanguka kutoka darini hakuwa lazima mwenye nyumba wala mwanawe; alikuwa yeyote aliyepanda. Mungu alimhesabu mgeni pia, na mpangaji wako ni zaidi ya mgeni, analala hapo kila siku.

Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua na huoni inakotoka, zima mein swichi kwanza, toa watu nje, piga 114 kwa Zimamoto. Usimwage maji. Na usingoje moto uonekane ndipo uamini.

Kabla hatujatoka, tuangalie nyumba ya Bwana yenyewe. Makanisa mengi ya pembezoni yalianza kwa turubai, yakaja mabati, sasa kuna kuta. Umeme uliwekwa na mwanakwaya aliyejitolea, Mungu ambariki, wakati kulikuwa na taa mbili na kipaza sauti kimoja. Leo kwenye waya ule ule kuna spika kubwa nne, kinanda, feni kumi na mbili na projekta, na kwenye mkesha tunaongeza taa za rangi. Watoto wa Sunday School wanakaa ukutani kabisa, pale nyaya zinapopita. Kama kamati ya ujenzi inakutana leo baada ya ibada, mwulize mwenyekiti nani alifunga nyaya hizi, lini zilikaguliwa mara ya mwisho, na kama mwenye mhuri kwenye fomu amewahi kuingia humu ndani. Na akikujibu kwamba ajenda ya leo ni rangi na jipsamu, mwombe umeme utangulie.