Usidanganywe na Mwanga wa Valvu

Rafiki yangu mmoja, tuliyesoma naye, ameniandikia akiuliza anunue priamplifaya gani ya valvu. Ameweka akiba ya shilingi 40,000. Muziki wake wote unatoka kwenye laptopu na simu. Nikamjibu: usinunue yoyote. Amenikasirikia, kwa hivyo wacha nieleze hapa kwa kirefu, maana najua hayuko peke yake.

Tuanze na hesabu, kitu ambacho wauzaji hawakipendi. Kazi ya priamplifaya ni kukuza sauti iliyo dogo mno mpaka iweze kuendesha amplifaya. Zamani hilo lilikuwa na maana, kwa sababu sindano ya santuri hutoa kama volti 0.005 tu. Lakini kicheza CD hutoa volti 2, na amplifaya nyingi za nyumbani hufikia nguvu zake zote zikipewa volti 1 au 2. Yaani hakuna cha kukuza! Unanunua valvu kama 12AX7, yenye uwezo wa kukuza mara 100, halafu unageuza kitasa chini ili upunguze ulichokuza. Ni kama kuita trekta lije kupalilia sukuma wiki nyuma ya nyumba.

"Lakini sauti yake ina joto," akaniambia. Sawa. Joto hilo ni upotoshaji. Ukiipa valvu toni ya hezi 440, inakurudishia pamoja nayo kiasi kidogo cha hezi 880. Hiyo ni okteva, ndiyo maana sikio haliudhiki. Sikatai kwamba inapendeza, na kwa mpiga gitaa ni sehemu ya ala yenyewe. Ninachokataa ni bei. Mimi huandika programu kwa riziki, na ladha hiyo naipata kwa mstari mmoja: y = x + 0.02x². Bure, na nikichoka naizima.

Msidhani ni majivuno ya watu wa kompyuta. Mwaka 1985 Bob Carver, mhandisi Mmarekani, aliwaahidi wahariri wa jarida la Stereophile kwamba ataifanya amplifaya yake ya transista isikike kama ya valvu ya bei ghali waliyoichagua wenyewe. Akakaa na vifaa vyake akirekebisha kidogo kidogo, na mwishowe wahariri wale wakashindwa kuzitofautisha. Hizo zilikuwa amplifaya za nguvu, si priamplifaya, lakini hoja ni ile ile.

Kinachoniudhi zaidi ni vile visanduku vya bei rahisi. Fungua baadhi yavyo uone: chini ya valvu wameweka taa ya LED ya rangi ya chungwa, ili ufikiri unaona moto! Valvu iliyoundwa kwa volti 200 na zaidi inapewa volti chache tu. Hapo hata ule upotoshaji mtamu hujaununua, umenunua pambo. Na zile za kweli, zenye volti zake kamili, si za kuchokorwa ovyo: kapasita hubaki na umeme hata ukichomoa plagi.

Kama umerithi santuri za benga za mzee wako, hayo ni mengine. Unahitaji priamplifaya ya santuri, ya valvu au ya transista, shauri yako.

Lakini huyu bwana hana santuri hata moja. Ana sebule ya vigae vitupu na dirisha la ukuta mzima, ukipiga makofi chumba kinakujibu. Spika zake amezibana kwenye kona nyuma ya sofa. Zulia zito, pazia, na spika bora kwa pesa zitakazobaki, hayo angeyasikia siku hiyo hiyo.

Jumamosi naenda kwake na laptopu na mstari wangu mmoja. Nitauwasha na kuuzima mara kumi bila kumwambia, yeye aandike kwenye karatasi. Akipata tisa, mimi mwenyewe nitamsaidia kuchagua valvu.