Fedha ya Fundi Si Sadaka
Huko Uingereza, fundi mwashi anayejitegemea hukatwa na mkandarasi asilimia 20 ya ujira wake. Asiyejiandikisha hukatwa 30. Hakuna anayeuliza kwanza nauli na zana zimemla kiasi gani, wala kukumbuka kwamba kwa kawaida pauni 12,570 za kwanza za mwaka hazitozwi kodi. Kilichozidi hurudishwa mwaka wa kodi ukiisha, tarehe 5 Aprili, naye ajaze fomu. Halafu aambiwe ana bahati! Bahati gani, ndugu msomaji? Ni jasho lake. Asipodai ndani ya miaka minne, haki hiyo hupotea. Kodi ilipwe, sikatai. Lakini anayeshika cha mwenzake asijiite mfadhili. Nawe fundi, zitunze hati zako za makato, udai.